Vumbi Usiloliona Ndilo Linalofika Mapafuni

Wengi wanaokata mawe, zege au vigae hupima hatari kwa macho: wingu likitanda wanavaa barakoa, likitulia wanaivua. Hapo ndipo wanapoumia. Vumbi linaloonekana ni zito na huanguka upesi. Lile laini huendelea kuelea kwa saa kadhaa.

Chembe zinazozidi mikroni 10 (unywele una unene wa mikroni 70 hivi) hushindwa kukata kona pamoja na hewa, zikagonga kuta za pua na koo na kunasa. Zilizo chini ya mikroni 5 hupenya hadi ndani, hewa inakopunguza mwendo, na kutua taratibu. Kazi nzito ikikulazimisha kuhema kwa mdomo, umeruka chujio la kwanza.

Zinazotua kwenye mirija ya hewa zina njia ya kutokea. Vinyweleo vidogo mno hupiga mara kumi na zaidi kwa sekunde, vikisukuma ute kuelekea kooni milimita chache kila dakika, na sehemu kubwa ya uchafu huondoka ndani ya saa 24. Sigara hudhoofisha vinyweleo hivyo, kwa hiyo mvutaji anayefanya kazi ya vumbi anajiumiza mara mbili.

Vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, havina vinyweleo. Huko zipo seli zinazomeza chembe, na kuzisafisha huchukua wiki, miezi, hata miaka. Silika, iliyomo kwenye mawe na zege, huua seli iliyoimeza. Seli ikipasuka, chembe inaachiwa, nyingine inaimeza, nayo inakufa. Kovu linaota, na hakuna dawa ya kuliondoa. Wala hakuna kinywaji cha kusafisha mapafu: unachomeza kinakwenda tumboni.

Basi zuia vumbi lisipande. Mwagia maji pale msumeno unapokata, muda wote unapokata, si kabla tu. Usifagie pakavu, wala usipulize nguo kwa kompresa. Barakoa iwe ya N95 au FFP2 (viwango vya barakoa zinazochuja chembe laini), kitambaa hakitoshi. Ukishaivaa, ifunike kwa viganja viwili kisha toa pumzi kwa nguvu: ukihisi hewa machoni, bana upya kile kibati cha puani, ikivujia mashavuni, rekebisha mikanda. Ndevu huacha mwanya, zinyoe. Siku ikiisha, vua nguo za kazi kwanza, barakoa iwe ya mwisho, maana nguo zikikung'utwa vumbi hurudi hewani.