Dawa ya kwenye tenki haifiki kwenye valvu, nimejua nikiwa nimeshamwaga chupa tatu

Wakuu, niliponunua hii gari nilijiona mjanja sana, injini ndogo, turbo, mafuta inakula kidogo na ukikanyaga inaondoka kweli. Ilipofika kama kilomita 110,000 ikaanza vituko vya asubuhi, ukiwasha tu inatetemeka kama mtu mwenye homa, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka, dakika mbili tatu ikishapata moto inatulia utadhani ulikuwa unaota. Taa ya injini ikawaka, fundi akachomeka mashine ikasoma P0300, yaani silinda zinamisi (mafuta hayawaki vizuri) ovyo ovyo. Tukabadili plagi, tukabadili koili, wapi. Nikaambiwa mwaga dawa ya nozeli kwenye tenki. Nikamwaga chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nikaja kupata fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi, akafungua manifoldi ya hewa akamulika tochi akaniita niangalie mwenyewe. Aisee! Valvu za kuingiza hewa zimejaa magamba meusi kama tako la sufuria ya kuni.

Sasa iko hivi. Kwenye injini za zamani nozeli inapuliza petroli nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu inaoshwa kila saa. Hizi zetu za direct injection nozeli iko ndani ya silinda kabisa, petroli haigusi mgongo wa ile valvu hata tone, kinachopita pale ni hewa tu, na hiyo hewa sio safi kivile. Kuna gesi zinavuja pembeni ya ringi za pistoni, na presha ya turbo inazizidisha, zinashuka chini kwenye oili halafu zinarudishwa kwenye njia ya hewa kupitia valvu ya PCV zikiwa zimebeba mvuke wa oili. Ule mvuke unagusa valvu ya moto, unaganda, unaungua, kesho tabaka lingine juu yake. Kwa hiyo kumwaga dawa kwenye tenki ni sawa na kunawa miguu ukitegemea uso utakate. Nozeli zenyewe itazisafisha, sikatai, ila valvu haziioni.

Mchawi ni oili basi, na ndo ninayohangaika nayo siku hizi. Nabadili kila kilomita 7,000 au 8,000, yale mambo ya kitabu kusema 15,000 nimeachana nayo. Nachagua oili isiyogeuka mvuke haraka, kwenye karatasi ya vipimo vyake tafuta neno Noack, asilimia ikiwa ndogo ndo vizuri, na iwe ya daraja linalotakiwa na injini yako. Usijaze kupita alama ya juu, watu wanapenda sana kuongezea "kidogo tu".

PCV ikichanika mpira wa ndani inanyonya oili kama mrija, badilisha mapema. Paipu za turbo ukizifungua ukakuta unyevu kidogo wa oili usipaniki, ila ikiwa imetuama, kaangalie sili za turbo. Mimi nimefunga pia kikopo cha kudakia oili kati ya PCV na njia ya hewa, chenye wavu ndani maana vile vitupu ni pambo tu. Hakizuii yote. Kama gari bado ina waranti uliza kwanza kabla hujafunga.

Safari za dakika tano tano ni mbaya, oili haipati moto vizuri, maji na petroli vinabaki humo humo. Safari ndefu inasaidia kuvikausha, lakini mwenye kukwambia upandishe resi barabarani kaboni itoke kwenye valvu anakudanganya, ikishaganda imeganda.

Kuitoa nilipulizia maganda ya jozi (zile njugu za walnut) yaliyosagwa, silinda moja moja, na valvu za silinda inayopulizwa lazima ziwe zimefunga, la sivyo uchafu wote unaingia ndani. Zile spreyi za kupuliza injini ikiwa inaunguruma mimi naziogopa, gamba likibanduka linaenda kugonga feni ya turbo. Kuna watengenezaji wamelikwepa hili kwa kuweka nozeli seti mbili, moja ndani ya silinda na nyingine nyuma ya valvu ili iioshe, Toyota wanaita D-4S, ukinunua nyingine angalia hilo.

Juzi, kilomita 40,000 tangu nisafishe, nimeingiza kamera ya waya nikachungulia. Kaboni ipo tena, ila nyembamba, na kwenye kikopo nikamwaga karibu nusu kikombe cha uji mweusi.