Amekabwa shingo, na wazee wanataka niwapatanishe

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Moshi, mwaka wa pili kazini. Mama mmoja wa watoto watatu amefika kwangu mara tatu akiwa amepigwa na mumewe, na kila mara amerudi kwake. Safari hii alikabwa shingo. Wazee wa ukoo wananitaka niwaite wote wawili ofisini niwapatanishe. Nakiri kwamba nimeanza kumkatia tamaa. Je, nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali. Mbele ya mumewe mama huyo atasema yale tu ambayo mume anataka kuyasikia, kwa kuwa jioni watalala nyumba moja, na akithubutu kusema kweli ataadhibiwa kwa ajili yake usiku huohuo. Usuluhishi huwafaa waliotofautiana wakiwa na nguvu sawa. Huyu anaishi kwa hofu.

Lililonishtua zaidi katika barua yako ni hiyo shingo. Aliyekabwa huweza kuumia ndani pasipo alama yoyote nje, na mume aliyewahi kumkaba mkewe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumuua baadaye. Apelekwe hospitali leo, daktari aelezwe waziwazi kwamba alikabwa, na fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ichukuliwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ili ijazwe majeraha yakiwa bado yanaonekana.

Kuhusu kurudi kwake, nakuomba ujiulize kwanza angekwenda wapi. Nyumba imo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na kihamba hicho ni cha ukoo wa mume, watoto wanahesabiwa kuwa wa ukoo huo, na huko kwao mahari imekwisha kuliwa, hivyo huenda kaka zake ndio watakaokuwa wa kwanza kumrudisha. Tena anajua jambo ambalo sisi wa ofisini hulisahau, kwamba siku za kuondoka na majuma yanayofuata ndizo huwa za hatari kuliko zote. Kurudi kwake huenda ni hesabu aliyoipiga kwa makini.

Basi zungumza naye faraghani, bila mama mkwe wala jirani: anaogopa nini hasa, nani anaweza kumpokea usiku wa manane, vyeti vya watoto na nauli ataviweka wapi. Usimpe karatasi ya kubeba, wala usimpigie simu kabla ya kujua ni nani huipokea.

Wazee wasomee kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mama naye mweleze kuwa mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ardhi ya ukoo ina utata wake, kwa hiyo mtafutie msaada wa kisheria mapema.

Kuhusu kumkatia tamaa, zungumza na msimamizi wako wiki hii, wala mama asiuone uchovu huo usoni mwako. Kabla hajatoka ofisini, mtajie siku na saa ambazo atakukuta, iwe ameamua kuondoka au kubaki.