Maswali ya Wasomaji: Chumba cha vioo kitazame upande gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Njombe mjini katika nyumba ya matofali ya kuchoma. Nilipomtembelea binti yangu Uingereza nilivutiwa na chumba cha vioo kilichoungana na nyumba yake, ambamo tulikunywa chai huku nje kukiwa na baridi kali. Sasa nataka kukiziba kwa vioo kibaraza changu cha mbele, kinachotazama barabara upande wa kusini, ili Juni na Julai nisishinde jikoni nikiota moto. Fundi amependekeza vioo vya bluu na paa la vioo. Je, niendelee?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ninakuomba usimpe fundi fedha za kuanzia bado, kwa sababu kibaraza hicho, hata kikizibwa kwa ustadi, hakitapata jua la mchana katika miezi unayolihitaji. Kwa binti yako, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, na ndiyo maana Waingereza hupenda chumba cha aina hii kitazame kusini. Njombe iko nyuzi 9 hivi kusini ya ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba yako huangukia palepale unapotaka kuketi. Huhitaji kifaa chochote kulihakikisha hilo: siku moja ya baridi tazama watu wa nyumbani wanahamishia wapi vigoda vyao. Nakisia ni uani, karibu na kamba ya nguo.

Jenga huko. Weka vioo upande wa kaskazini, na vingine mashariki kwa ajili ya jua la asubuhi, lakini upande wa magharibi jenga ukuta. Sakafu iwe ya zege nene lenye vigae vya rangi iliyokoza, na ukuta wa nyumba utakaobaki ndani ya chumba usiupake chokaa nyeupe, kwa kuwa mwanga wa jua hupenya kioo, hugeuka joto unapofika kwenye sakafu na matofali, na joto hilo halitoki kwa wepesi ule ule ambao mwanga uliingia. Matofali yako yatalitunza hadi jioni. Vioo vya bluu vina kazi yake Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba anataka kulipunguza joto la jua. Wewe ndilo unalolitafuta, kwa hiyo chagua vioo visivyo na rangi.

Paa la vioo ndilo kosa kubwa zaidi. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya Njombe, nawe utaokwa humo kama mkate. Usiku wa Julai, paa hilo hilo litaliachia joto lote lipotee. Ezeka bati, weka dari, na paa lichomoze sentimita 30 mbele ya vioo. Kwa mchomozo huo, kivuli cha adhuhuri mwezi Juni kitashuka sentimita 45 tu kwenye kioo, ilhali mwishoni mwa Septemba kitakaribia mita 1.8, yaani chumba kitajifunika chenyewe joto linapoanza. Acha pia madirisha madogo ya kufunguka karibu na dari, maana hewa ya moto hupanda.

Fundi akikushauri ubomoe ukuta ulio kati ya chumba hicho na sebule ili pawe na nafasi, mkatalie. Utaufungua mlango saa sita mchana joto liingie ndani, na kuufunga jua linapozama. Na usiku, hata baridi ikizidi, usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwani kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu na huua watu waliolala. Kibali cha ujenzi omba halmashauri kabla ya kuchimba msingi.

SWALI: Nyumba yetu Tanga iko karibu na bahari. Tunafikiria kulifunga baraza kwa vioo kwa sababu ya mbu. Unashauri nini?

JIBU: Vioo vitawazuia mbu, lakini vitauzuia na upepo, nao ndio unaolifanya baraza likalike. Tumieni wavu wa mbu kwenye fremu za mninga au alumini, si za chuma, kwa kuwa chumvi ya bahari huzila. Pande mbili zibaki wazi kwa wavu, ili kusi na kaskazi, kila mmoja kwa msimu wake, upate njia ya kuingilia na ya kutokea.