Lenzi za macho kwa kijana wa sekondari: ulizia maji kabla ya bei

Mzazi akiingia duka la miwani kumtafutia mwanawe lenzi za kuvaa jichoni, swali la kwanza huwa ni bei ya boksi. Lingefaa liwe jingine: huko anakolala huyu kijana, maji ya kunawa yanatoka wapi? Lenzi ni kipande laini cha plastiki chenye unyevu, kinachoelea juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Chochote kilichobaki kwenye kidole asubuhi, iwe mafuta ya kujipaka, vumbi la chaki au pilipili ya jana, kinapelekwa moja kwa moja hapo na kukaa hapo kwa saa 10. Ndiyo maana aina ya lenzi huchaguliwa kwa kutazama bweni, bomba na ratiba ya mtoto. Bei inafuata, na hesabu yake mara nyingi hugeuka kinyume na ilivyoonekana dukani.

Umri usikusumbue sana. Wapo watoto wa miaka 8 wanaozimudu na wapo wa miaka 17 zinaowashinda. Angalia tabia. Kijana anayefua soksi zake bila kukumbushwa, na ambaye miwani yake haijajaa alama za vidole, ameshaiva. Anayejitupa kitandani na sare ya shule asubiri kwanza. Halafu atake mwenyewe: lenzi zilizotakwa na mama huishia kwenye droo.

Macho yapimwe mara mbili

Kupimiwa lenzi kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni namba, na hii kila duka linaifahamu. Ya pili, inayorukwa na wenye haraka, ni afya ya jicho lenyewe. Mpima macho humweka kijana kwenye darubini ya macho, hukagua konea, kisha huigeuza kope ya juu na kutazama upande wake wa ndani. Hapo ndipo mzio hujificha. Afrika Mashariki mzio wa macho umewajaa watoto na vijana: macho yanawasha, weupe umeingia ukahawia, utelezi unatoka kama nyuzi, na mtoto anasugua macho tangu yuko shule ya msingi. Jicho la namna hiyo halivalishwi lenzi laini mpaka mzio utulie, tena kwa dawa aliyoandika daktari. Matone ya steroidi yanayonunuliwa kwa mazoea duka la dawa hutuliza upesi kweli, lakini yakitumika kwa miezi yanaweza kupandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho, na kuficha maambukizi yanayoendelea chini kwa chini.

Kusugua macho kwenyewe kunahusishwa na keratokonasi, hali ya konea kukonda na kuchongoka kama koni. Dalili mojawapo ni namba ya miwani kubadilika kila baada ya miezi michache na bado mtoto haoni sawasawa ubaoni. Huyo lenzi laini za kawaida hazitamfaa. Mara nyingi huhitaji lenzi ngumu zinazopitisha hewa, na hizo si za kuokota rafuni. Ulizia kwenye vituo vikubwa vya macho kama KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam au hospitali ya PCEA Kikuyu, Kenya.

Cheti cha miwani hakinunui lenzi

Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi imelilalia. Kwa namba ndogo tofauti haionekani. Kuanzia 4.00 kwenda juu lazima hesabu ifanywe upya: kijana mwenye -5.00 kwenye miwani huangukia -4.75 kwenye lenzi, mwenye -6.00 huangukia -5.50, na mwenye -8.00 huangukia -7.25. Ukinakili namba hizo za miwani na kuagiza mtandaoni, unampa mtoto lenzi kali kuliko anayohitaji, na atarudi nyumbani akilalamika kichwa.

Kwenye boksi kuna herufi ambazo mzazi anapaswa kuzisoma mwenyewe. PWR, SPH au D ni nguvu ya lenzi. BC ni mkunjo wa upande unaogusa jicho, na lenzi laini nyingi zina kati ya 8.3 na 8.8. DIA ni upana wake, kwa kawaida karibu na milimita 14. Ukiona CYL na AX, hiyo ni lenzi ya astigmatizimu, yaani ya jicho ambalo konea yake haijawa duara sawasawa. EXP, au alama ya shisha ya mchanga, ni tarehe ya mwisho.

Lenzi inayobana ni ya hila. Asubuhi kijana anaisifu kwa sababu haisogei kabisa. Jioni jicho ni jekundu, na akiitoa inaacha alama ya duara kwenye weupe. Inayolegea huteleza, na kuona kunafifia kila akipepesa. Kwa hiyo jozi ya majaribio huvaliwa palepale, ikaachwa itulie dakika 15 hivi, ndipo mpima macho aangalie inavyocheza. Kisha kijana aende nayo nyumbani wiki moja kabla hujalipia maboksi. Na muuzaji akikwambia boksi la kampuni nyingine ni lilelile kwa kuwa BC zinalingana, usikubali: malighafi na umbo la ukingo vinatofautiana, na lenzi mbili za 8.6 zinaweza kukaa tofauti kabisa juu ya jicho moja.

Lenzi za astigmatizimu mara nyingi hazipo dukani, huagizwa. Uliza zitachukua wiki ngapi, na agiza boksi lingine kabla la kwanza halijaisha.

Za siku moja au za mwezi

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tufanye hesabu taratibu. Lenzi za siku moja huja 30 kwenye boksi, na boksi moja ni la jicho moja, isipokuwa kama macho yote yana namba sawa. Anayevaa kila siku atamaliza maboksi 24 na ushee kwa mwaka. Lenzi za mwezi huja mara nyingi 6 kwenye boksi, hivyo maboksi 4 yanamtosha mwaka mzima. Ukiishia hapo, za mwezi zimeshinda kwa mbali.

Lakini za mwezi zina familia. Kila usiku zinahitaji dawa ya lenzi: ukijumlisha ya kusuuzia na ya kujaza kikasha cha kuzihifadhia, ni kama mililita 10 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni ya mwezi mmoja. Ongeza chupa 12 na kikasha kipya kila miezi 3. Jingine ambalo maduka hayasemi ni kwamba mwezi huhesabiwa tangu siku ulipofungua kifuko, si siku ulizovaa. Kijana anayevaa siku 3 tu kwa wiki atatupa lenzi yake siku ya 30 akiwa ameitumia mara 13. Huyohuyo akitumia za siku moja, maboksi 11, au 12 kama namba za macho zinatofautiana, yanamfikisha mwisho wa mwaka, bila chupa, bila kikasha, na bila kazi ya kusafisha gizani umeme ukikatika.

Kwa mwanafunzi wa bweni, rai yetu ni moja tu: za siku moja, avae siku za michezo, sherehe na likizo, na darasani avae miwani. Anayeishi nyumbani, mwenye bomba linalotoka na mzazi wa kumchungulia jioni, anaweza kuanza na za mwezi. Ukizichukua hizo, tafuta za silikoni haidrojeli, aina ya malighafi ya lenzi laini, kwa kuwa zinapitisha oksijeni nyingi zaidi. Jambo hili lina uzito hasa kwa mwenye namba kubwa ya kutoa (-), maana lenzi yake ni nene ukingoni.

Utasikia pia ahadi kwamba lenzi zitazuia namba isipande. Lenzi laini za kawaida hazina uwezo huo. Zipo zilizotengenezwa mahsusi; MiSight, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza kuivaa wakiwa na miaka 8 hadi 12. Ni bidhaa nyingine, na ufuatiliaji wake ni mwingine.

Za rangi

Msimu wa harusi na Idi, lenzi za kijivu na za asali huuzwa kwenye saluni na Instagram kama hereni. Zisizo na namba nazo zinagusa konea ileile, kwa hiyo zinapimwa vilevile. Nchini Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na duka lisiloweza kukuonyesha boksi lililofungwa lenye namba ya toleo na EXP halina biashara na jicho la mwanao. Na binti aelezwe waziwazi: lenzi haiazimwi, hata kwa picha moja, hata kwa dada wa tumbo moja.

Kuvaa na kuvua

Duka zuri halimruhusu kijana kuondoka na lenzi kabla hajaivaa na kuivua mwenyewe mara kadhaa. Likimwambia akajifunze nyumbani kwa video, ondokeni.

Kucha ziwe fupi. Anawe kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato mengi, asuuze, kisha akaushe kabisa kwa taulo lisiloacha nyuzi, kwa sababu tone la maji likibaki kidoleni linaingia na lenzi. Aanze na jicho la kulia kila siku, asije akachanganya. Lenzi ikae kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ikiwa na umbo la bakuli iko sawa, kingo zikitanuka kama sahani imegeuka ndani nje. Mkono mwingine uinue kope ya juu kutokea kwenye mzizi wa nywele zake, kidole cha kati cha mkono wenye lenzi kishushe ya chini, kisha aitue lenzi akitazama mbele. Wanja na maskara vinafuata baada ya lenzi, na jioni lenzi inatoka kabla ya kuvifuta.

Kuvua: atazame juu, aisogeze lenzi chini kwenye weupe kwa kidole cha shahada, kisha aibane kwa nyama ya kidole hicho na gumba, si kwa kucha. Ikigoma, imekauka, atie tone la kulainisha linaloruhusiwa kwa lenzi, asubiri dakika chache, ajaribu tena. Ikipotea jichoni imejikunja chini ya kope ya juu. Haiwezi kwenda nyuma ya jicho, kuna utando unaoziba njia.

Wiki ya kwanza asikimbilie kutwa nzima. Avae kwa saa 4 siku ya kwanza, aongeze saa 1 au 2 kila siku, na arudi kliniki baada ya wiki akiwa amezivaa.

Maji ni adui

Maji ya bomba, ya kisima, ya chupa, hata yaliyochemshwa, yasiguse lenzi wala kikasha. Ndani yake anaweza kuwamo akantamiba, kijidudu aina ya amiba, ambaye akiingia kwenye konea kumtoa ni kazi ya miezi. Mate ni mabaya vilevile. Kuogelea na kuoga, lenzi zitolewe. Kwa wudhu hakuna shida, ndani ya jicho hapaoshwi; afumbe macho tu anaponawa uso.

Lenzi za mwezi husuguliwa kwa dawa kiganjani, sekunde 20 hivi kila upande, hata kama chupa imeandikwa haihitaji kusugua, kisha zinasuuzwa na kulowekwa kwenye dawa mpya muda ulioandikwa, kwa kawaida saa 4 hadi 6. Kosa linaloonekana zaidi ni kuongezea dawa mpya juu ya ya jana: ile ya zamani imechoka, na mchanganyiko hauui vijidudu ipasavyo. Asubuhi kikasha kimwagwe, kisuuzwe kwa dawa, kipanguswe kwa tishu safi, kikaushwe kifudifudi bila vifuniko. Maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui kitu. Dawa ya haidrojeni peroksaidi inasafisha vizuri, lakini inahitaji kikasha chake maalumu na saa 6 za kupoa. Ikiingia jichoni mbichi inaunguza vibaya. Kijana msahaulifu usimnunulie.

Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8, kwa takwimu za CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani. Usingizi wa prepu unahesabiwa.

Miwani ya namba ya sasa ibaki kwenye mkoba daima, maana jicho likiwa jekundu, likiuma, likikimbia mwanga, likitoa usaha au likiona ukungu, lenzi inatoka saa ileile na kijana anaonwa siku hiyohiyo. Jicho lisifungwe bandeji, lisitiwe maziwa ya mama, dawa ya majani wala matone yaliyobaki ya ndugu yake. Lenzi iliyotolewa usiitupe. Irudishe kwenye kikasha chake, au iweke kwenye chombo safi kilichofunikwa, uende nayo hospitali, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na daktari akajua anapambana na nini.