Kamera ya mkanda ikikwama usiilazimishe, mimi nililazimisha

Niseme mapema kabisa, mimi sio fundi kamera. Nina kibanda cha stationery hapa Pasua, Moshi, natoa kopi, nalaminisha vyeti, napiga pasipoti saizi kwa kamera ya kidijitali, basi. Ila ba'mdogo wangu ndio alikuwa mpiga picha haswa enzi za mikanda, ukisikia harusi, ubatizo au kipaimara kuanzia Kibosho mpaka Uru jua yupo. Alipofariki mamdogo akaniita akanipa begi, akasema chukua wewe unayependa vikorokoro, sisi tutakuja kuvitupa tu.

Ndani kulikuwa na Pentax K1000. Kwa wasioijua, hii kamera ilianza kutengenezwa 1976 ikaendelea mpaka 1997, na uzuri wake ni kwamba kila kitu ndani ni chuma na springi, betri yake ndogo ile ya kidonge ni ya kupimia mwanga tu. Yaani hata bila betri inapiga. Sasa yangu ilikuwa haipigi. Ukichungulia kwenye kidirisha ni giza totoro, ukibonyeza kitufe hakizami, ukivuta ule mkono wa kusogeza mkanda unaenda kidogo unagoma.

Nikafanya kile ambacho wewe pia ungefanya usibishe, nikavuta kwa nguvu. Nikasikia krrk, kisha mkono ukawa mwepesi. Nikafurahi! Kumbe nimechomoa mkanda kutoka kwenye kigurudumu chake, maana ulikuwemo mkanda ndani tena ulikuwa umefika mwisho, kaidadi ka picha zilizopigwa pale juu kalikuwa kanasoma 36 na mimi sikuangalia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, angalia namba. Ikiwa imefika 36 au 24 kulingana na mkanda, huo sio ubovu, mkanda umeisha tu. Unabonyeza kakitufe kadogo chini ya kamera, unainua kale kamkono ka kurudishia upande wa kushoto unazungusha taratibu, unasikia uzito mpaka unaachia, ndio unafungua mgongo. Kakizunguka bure bila uzito wowote kama kangu, ujue mkanda umechomoka, na hapo USIFUNGUE mchana. Mimi nilisubiri usiku, na bahati nzuri (sijawahi kusema hivi maishani) umeme ukakatika mtaa mzima, nikajifungia chumbani, nikaziba chini ya mlango na kanga ya mama, nikafungua, nikauviringisha mkanda kwa vidole kwa kushika pembeni tu nikauweka kwenye kikopo cheusi cha mkanda, nikakizungushia foili. Hapo ni kupapasa tu, simu usiiguse hata kidogo, kale kamwanga kanatosha kuunguza picha zote.

Cha pili ni betri, ila hii inategemea kamera. K1000 haijali, lakini kuna kamera kama Canon AE-1 ambazo shata yake (kile kinachofunguka na kufunga mwanga ukipiga) inaendeshwa na umeme, betri ya volti 6 ikifa kamera inagoma kila kitu na mtu anaweza kuiuza kama skrepa kwa sababu ya betri. Badilisha betri kwanza ndio uanze kulia. Na kama yako ina kile kijimkono cha kujipiga mwenyewe, na ni kamera iliyolala miaka, kiache hivyohivyo, hupenda kuganda katikati ukabaki na tatizo jipya.

Turudi kwangu, mkanda umetoka lakini kidirisha bado giza. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa mjini, sio fundi kamera, ila nilijua ana macho. Shikamoo mzee, marahaba, akaichukua akaitoa lenzi, akachungulia ndani akacheka. "Kijana, kioo kimelala juu." Akanionyesha. Ndani ya kamera hizi kuna kioo kinachokuletea picha kwenye kidirisha, ukipiga kinaruka juu, kinarudi. Changu hakikurudi.

Kilichonisaidia zaidi ni maelezo yake ya kwa nini. Shata ya K1000 ni mapazia mawili ya kitambaa yanayofukuzana toka upande mmoja kwenda mwingine. Pazia la pili likifika mwisho kabisa ndio linagusa kamkono kanakoachia kioo kishuke, na kioo kikishuka ndio mkono wa kusogeza mkanda unafunguka. Sasa grisi ya miaka 30 ikikauka na kuchanganyika na vumbi letu hili, pazia linafika karibu na mwisho halafu linachoka, limebakiza kaupana ka uzi tu. Kila kitu kinasimama. Hakuna kilichovunjika, ni foleni tu imesimama kwa sababu wa mbele hajasogea.

Nyumbani nikatandika taulo jeupe mezani (springi ikidondoka haidundi, utanishukuru), nikaweka trei la mayai kwa ajili ya skrubu, kila skrubu na shimo lake kwa mpangilio, na simu napiga picha kila hatua. Bisibisi za mafundi simu zinafaa ila ujue skrubu za Kijapani msalaba wake una kina tofauti kidogo na bisibisi nyingi za nyota tunazouziwa, ukizungusha bila kugandamiza unakula kichwa. Mimi nilikula kimoja. Nikasaga ncha ya bisibisi kidogo kwenye jiwe la kunolea ikakaa vizuri.

Nikafungua kile kibati cha chini tu. Ukishafungua unaona magurudumu ya meno na vimkono, na grisi nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikachukua petroli ya vile viberiti vya utambi, sio petroli ya bodaboda jamani, nikachovya ncha ya sindano, nikagusisha pale vimkono vinapozungukia. Tone la sindano, sio kumwaga. Madirisha wazi, hakuna koroboi wala sigara. Kisha nikasukuma kale kamkono ka upande wa mapazia taratibu kwa kijiti cha meno, na kioo kikashuka, tap. Aisee nilipiga kelele mpaka mama akaja na mwiko mkononi.

Zile dawa za kupuliza za kulainisha kufuli na minyororo weka mbali kabisa. Zinatambaa mpaka kwenye mapazia na lenzi, na wiki mbili baadaye umekwama tena. Yule mzee alinipa katone ka mafuta ya saa, kamoja, kwa kila egemeo, akasema hata hako ni kengi.

Pia humo chini utaona viskrubu vinavyokaza springi za mapazia. Usiviguse. Na usifungue juu, kuna nyaya nyembamba za kipimo cha mwanga. Hapo ndipo mimi niliposimamia, ikizidi hapo mpelekee anayejua.

Halafu sponji. Juu ya kioo kuna kaukanda ka sponji ka kupokea kioo kikiruka, na kwa uzee kanageuka ulimbo kabisa, kanashika kidole na kanaweza kushika kioo pia. Niliziba skrini ya juu kwa kikaratasi, nikakwangua kwa kijiti cha mti, nikamalizia na pamba yenye spiriti kidogo. Kioo chenyewe usikifute, rangi yake ya fedha iko juu sio nyuma kama kioo cha kunyolea, pamba tu inakichubua. Sponji mpya nilikata kwenye mausipedi nyembamba kama milimita 2. Kwenye mifereji ya mlango wa nyuma nikatumia uzi wa sufi mweusi, nilifumua sweta la mtumba la soko la Memorial, mwanga haupiti hata chembe.

Kujaribu ni rahisi, bila mkanda, bila lenzi, mgongo wazi, elekeza dirishani upige kila spidi. Kwenye 1/1000 ya sekunde uone mmuliko kwenye fremu nzima, ukiona upande mmoja mweusi pazia bado linachelewa. Kwa sekunde 1 nilirekodi sauti na simu, nikapata kama sekunde na robo hivi, nimeiacha.

Ule mkanda wa ba'mdogo bado sijausafisha. Upo kwenye friji, kwenye kopo lililofungwa vizuri nyuma ya siagi, mamdogo anauliza kila Jumapili baada ya ibada kama picha zimetoka, na mimi namwambia bado natafuta mtu wa kumwamini nao.