Maswali ya Wasomaji: Jiwe Jeusi la Bonde la Ufa Limejuaje ya Kilindini?

Tangu tuandike kuhusu milima ya volkano ya Afrika Mashariki, wasomaji wametuletea maswali mengi kuhusu basalti, lile jiwe jeusi zito linalotapakaa kandokando ya Bonde la Ufa. Tumechagua matano.

Walimu wa jiografia hutuambia kwamba chini ya Bonde la Ufa kuna mwamba moto unaopanda kutoka kilindini. Hakuna aliyechimba akafika huko. Jiwe la Rungwe, volkano yetu ya kusini mwa Tanzania, linatoaje ushahidi? (Msomaji, Tukuyu)

Ni kweli hakuna aliyefika. Shimo lenye kina kuliko yote ya utafiti wa miamba, la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, bado likiwa ndani ya ganda la dunia. Koti la dunia, yaani mwamba mzito ulio chini ya ganda, chini ya mabara huanza kwa kawaida kwenye kilomita thelathini na kitu au arobaini. Lakini basalti ni sehemu ya koti hilo iliyoyeyuka ikapanda, na imekuja na alama zake.

Alama yenye nguvu kuliko zote imo ndani ya olivini, zile punje za kijani cha chupa unazoziona ukivunja jiwe bichi. Punje hizo zilipokuwa zikikua ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, zilifungia viputo vidogo mno vya gesi, na katika gesi hiyo kuna heliamu ya aina mbili. Heliamu-4 huzaliwa kila siku urani na thoriamu zinapovunjika. Heliamu-3 karibu yote ni ya tangu dunia inaumbwa, wala hakuna kiwanda cha maana cha kuiongeza humo ndani. Koti la juu limeyeyuka na kupoteza gesi mara nyingi katika historia ya dunia, kwa hiyo heliamu yake ya asili imebaki kidogo huku urani ikiendelea kuizidishia heliamu-4. Sehemu ya kilindini ambayo haikuguswa sana imebakiwa na heliamu-3 nyingi zaidi.

Wapimaji hulinganisha na hewa tunayovuta, ambayo kwa kila atomi milioni moja za heliamu-4 ina kama 1.4 za heliamu-3. Basalti za migongo ya katikati ya bahari, zinazotoka koti la juu, hutoa uwiano wa mara 8 ya hewa, kwa tofauti ndogo tu. Ganda la bara hutoa kama mara 0.02. Olivini za Rungwe zimetoa hadi mara 15 hivi, na za Ethiopia na Afar, lile eneo la kaskazini-mashariki mwake, zinakaribia 20. Koti la juu peke yake halifiki huko. Ndiyo maana Rungwe, iliyo mbali sana kusini mwa Afar, ina uzito mkubwa katika mjadala huu: inaonyesha kwamba mwamba wa kilindini, ambao wataalamu huuita pluma, haukuishia Ethiopia.

Ila hesabu hii husomwa upande mmoja tu. Namba kubwa inathibitisha. Namba ndogo haikanushi. Magma ikikaa muda mrefu ndani ya ganda lenye urani, heliamu-4 huingia na namba hushuka. Lava nyingi za Kenya hutoa mara 8 au pungufu, na zamani wapo waliosema basi huko hakuna pluma. Mwaka 2014 vipimo vya heliamu na neoni, gesi nyingine ya namna hiyo, kwa pamoja vilionyesha neoni ya asili ya kilindini katika matawi yote mawili ya Bonde la Ufa, hata mahali ambapo heliamu peke yake ilikuwa imefunikwa.

Je, heliamu hiyo ya pluma ndiyo inayotafutwa Rukwa? (Msomaji, Sumbawanga)

Hapana, na tofauti yao ni kubwa. Heliamu ya Rukwa ni heliamu-4 ya ganda, iliyotengenezwa na urani na thoriamu za miamba ya kale sana kwa mamia ya mamilioni ya miaka na zaidi, ikakaa imefungwa humo. Kazi ya ufa ni kuipasha joto miamba hiyo na kuifungulia njia, kisha gesi hupanda pamoja na naitrojeni. Ukipima uwiano wake unakuta alama ya ganda. Kibiashara ni mali. Kwa anayetafuta pluma, ni uchafu unaofunika alama.

Nataka kukusanya basalti za Milima ya Chyulu kwa mradi wangu wa chuo. Nichukue nini, kiasi gani, na makosa gani huharibu kazi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Chyulu ni chaguo zuri: volkano zake ni changa, na baadhi ya lava zimebeba vipande vya koti lenyewe. Upate kwanza kibali cha utafiti, na cha hifadhi pia kama utaingia upande wa Tsavo Magharibi.

Makosa mengi hutokea kwenye nyundo kabla hata maabara haijafikiwa. Chukua kilo 1 hadi 2 za jiwe bichi kutoka katikati ya mkondo wa lava, mahali palipo na mashimo machache ya gesi. Bandua gamba lote la kahawia la jiwe hukohuko. Tazama olivini kwa lenzi ya mkono: kama kingo zimekuwa nyekundu za kutu, maji yamekwisha kufanya kazi yake. Mashimo yakiwa yamejaa vitu vyeupe, hivyo ni kalisaiti au zeolaiti, madini yaliyoletwa na maji baadaye. Jiwe hilo liache. Kwa ajili ya heliamu utahitaji jiwe jingine, kilo kadhaa zenye olivini nyingi, maana mwishoni unataka kama gramu 1 hadi 2 za punje safi zenye ukubwa wa nusu milimita hadi 2.

Mahali pa kulitoa jiwe la heliamu pana maana kuliko wengi wanavyofikiri. Miale ya anga za mbali ikipiga jiwe lililo juani hutengeneza heliamu-3 mpya ndani ya punje, na kwenye mwinuko mkubwa hutengeneza zaidi. Mtu akilichukua jiwe la juu kabisa la mkondo wa kale anaweza kupata uwiano mkubwa wa kusisimua ambao hauna uhusiano wowote na pluma. Tafuta ukingo wa barabara au machimbo yaliyokatwa karibuni, uingie chini angalau mita moja na nusu. Kwa kina hicho miale hiyo imepungua hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Maabarani, punje zipondwe ndani ya ombwe, zisiyeyushwe. Kuponda hupasua viputo na kutoa gesi ya magma, ilhali heliamu ya miale na ya urani imejificha ndani ya fuwele yenyewe. Ukiponda kupita kiasi hadi ziwe unga, hiyo nayo huanza kutoka.

Kwa kemia ya jiwe zima, saga alama zote za msumeno na za nyundo kwa karatasi ya msasa, osha kwa maji yaliyosafishwa, kausha. Ponda, kisha saga unga kwenye kinu cha agati. Kinu cha tungsteni kabaidi ni cha haraka, lakini huacha tungsteni, kobalti na tantali ndani ya unga, na ukishaharibu tantali grafu zako kadhaa zimekwenda. Unguza sehemu ya unga kwenye nyuzi 1,000: uzito ukipungua zaidi ya asilimia 2 au 3, jiwe limeingiliwa na maji au kabonati, na namba zake za potasiamu, rubidi na bariamu uziangalie kwa mashaka. Niobi, zirkoni na thoriamu hazihamishwi na maji ovyo. Chora rubidi dhidi ya niobi kwa sampuli zote. Zikitawanyika badala ya kufuata mstari, rubidi imehama. Unga wa kupimia isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za strontiamu na risasi usafishwe kwanza kwa asidi ya haidrokloriki ya moto.

Matokeo yakija, usikimbilie pluma. Anza kuuliza kama ganda limeingia. Basalti safi ya koti ina seriamu, aina ya metali, kama mara 25 ya risasi. Ganda la bara ni kama mara 4. Chukua basalti yenye seriamu 60 na risasi 2.4, kwa sehemu za milioni. Ichanganye na asilimia 10 ya ganda la juu lenye seriamu 63 na risasi 17. Seriamu inabaki 60, risasi inapanda hadi 3.9, uwiano unaporomoka kutoka 25 hadi kama 16. Silika nayo (oksidi ya silikoni), kutoka asilimia 47, imefika 49 tu, na ukiitazama hiyo peke yake ungeapa kwamba jiwe ni safi.

Halafu zijaribu olivini zako, hasa hapo Chyulu. Tuseme lava ina oksidi ya magnesi asilimia 9 na ya chuma asilimia 11. Geuza ziwe moli, yaani hesabu ya chembe badala ya uzito, ondoa sehemu moja ya kumi ya chuma kwa kuwa imeoksidika zaidi, gawanya chuma kwa magnesi: unapata 0.62. Zidisha kwa 0.30, kigezo cha mgawanyo kati ya olivini na magma, upate 0.185. Olivini iliyokua ndani ya magma hiyo inapaswa kuwa na magnesi asilimia 84 ya jumla ya magnesi na chuma. Ukikuta punje za asilimia 90, hizo huenda zimeng'olewa kwenye mwamba wa koti njiani. Ukizitumia kukokotoa joto la pluma utapata joto la kubuni. Hesabu zilizofanywa kwa uangalifu zinaonyesha koti la Afrika Mashariki lina joto zaidi ya kawaida, hadi kama nyuzi 140 juu. Si joto la kutisha. Ndiyo maana kosa dogo kwenye olivini linatosha kulimeza lote.

Lava ya Nyiragongo hukimbia kama maji, tofauti na volkano nyingine. Je, ni kwa sababu inatoka kwenye pluma? (Msomaji, Goma)

Mbio zake zinatokana na silika. Basalti ya kawaida ina silika asilimia 45 hadi 52. Lava ya Nyiragongo huwa na kama 40 au pungufu, na ina sodiamu na potasiamu nyingi. Silika ndiyo inayofunga magma iwe nzito kama uji, na ikipungua magma hutiririka. Mwaka 1977 ziwa lote la lava lilimwagika kwa chini ya saa moja.

Sasa, magma ya namna hiyo hupatikana wakati sehemu ndogo sana ya mwamba inayeyuka, kwenye kina kirefu, mahali penye kaboni dioksidi. Kina chenyewe tunakijua kwa ganeti. Madini haya huishi kuanzia kama kilomita 75 au 80 kwenda chini, nayo hung'ang'ania elementi iitwayo iterbi na kuiacha nyingine, lanthani, iondoke. Lava yenye lanthani nyingi mno kuliko iterbi imeacha ganeti nyuma yake. Potasiamu nayo hutoka kwenye kifuniko kigumu kilicho juu ya pluma, ambamo majimaji ya zamani yaliacha madini ya flogopaiti (aina ya mika) au amfiboli. Kuzitofautisha: rubidi ikizidi sehemu ya kumi ya strontiamu, na bariamu ikiwa chini ya mara 20 ya rubidi, mshukiwa ni flogopaiti; bariamu nyingi na rubidi kidogo huelekeza kwenye amfiboli.

Kwa hiyo jibu ni kwamba pluma huenda imeleta joto, lakini sehemu kubwa ya ladha ya lava za Virunga, safu ya volkano ambamo Nyiragongo imo, ni ya kifuniko. Volkano ya Nyamulagira iko umbali usiofika kilomita 15 kutoka Nyiragongo, na hata hivyo isotopu zake ni tofauti. Chanzo kimoja kilichochanganyika sawasawa kisingeweza kutoa majirani wasiofanana hivyo.

Tuseme wazi pia kwa wakazi wa Goma: kemia hii inaeleza lava ilikotoka, haitabiri siku ya mlipuko. Hilo ni kazi ya vipima tetemeko, gesi na kuvimba kwa ardhi.

Nimesikia mawe meusi ya Yemeni ni ndugu wa yale ya Ethiopia. Kuna ushahidi? (Msomaji, Muscat)

Upo, na ni mzuri. Yapata miaka milioni 30 iliyopita lava ilifunika Ethiopia na Yemeni kabla Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden hazijawatenganisha, na sehemu kubwa ya lava ya Ethiopia ilitoka ndani ya miaka milioni moja hivi. Umri na kemia vinaungana pande zote mbili za maji.

Kinachovutia zaidi ni titani. Katika nyanda za juu za Ethiopia, basalti za magharibi zina titani kidogo. Ukielekea mashariki, upande wa Afar, titani inapanda hadi oksidi yake kufika asilimia 4 na zaidi, na hizo zenye titani nyingi ndizo zenye magnesi na joto kubwa. Wengi wanausoma mpangilio huo hivi: katikati ya pluma palikuwa upande wa Afar, na pembeni magma ilichanganyika zaidi na kifuniko kigumu na ganda. Mtu akikuletea jiwe moja la Yemeni na kulilinganisha na jiwe moja la Ethiopia, muulize kwanza la Ethiopia lilitoka upande gani. Akichukua la magharibi yenye titani kidogo, atakwambia si ndugu.