Namna napika mtama na ulezi hapa kwangu Bukavu

Hapa kwetu mtama umebaki wa pombe na uji wa watoto, ukiuweka mezani mchana watu wanakuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Mimi inaniuma, juu hizi njo nafaka zetu kabisa. Mahindi na mihogo tunayosongea bugali kila siku asili yake Amerika, vilifika huku Afrika na Wareno kuanzia miaka ya 1500, wakati mtama watu walikuwa wanaulima mashariki ya Sudani miaka kama 5000 iliyopita, na ulezi nao ni wa milima ya Ethiopia na Afrika Mashariki. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama na jamaa zake wote, lakini ku sahani zetu sijaona kitu kimebadilika, basi acha niseme vile nafanya.

Ku soko, Kadutu ama Nyawera, nunua punje, unga uliosagwa tayari uache. Kiini cha punje kina mafuta, na ukisaga punje nzima na ganda lake unga haukai sana, unaanza kunuka na kuwa muchungu, na ule wa ku gunia wazi huwezi jua ulisagwa lini. Peleka ku mashini kidogo kidogo, wa wiki mbili hivi.

Ulezi njo unasumbua ku kuosha. Punje ni ndogo sana na mchanga umo ndani yake, lungo peke yake haitoshi. Tia ulezi mu beseni na maji mengi, zungusha na mkono mpaka punje ziinuke, halafu mara moja, kabla hazijatulia, mimina maji pamoja na punje mu beseni ingine, mchanga unabaki chini. Rudia, rudia tena, mpaka ukipitisha vidole chini ya beseni usisikie kitu kinakwaruza. Bamama tafadhali musiruke hapa, mtoto akitafuna mchanga mara moja hatakubali tena huo uji.

Mtama wa kupika mzima unaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unatia kikombe kimoja cha mtama na vikombe vitatu vya maji, karibu saa nzima ku moto. Usingojee uwe laini kama mchele, huu unatafunwa, na njo utamu wake. Sasa najua utaniambia makala ya kupikia bei yake ni gani, ni kweli, kwa hiyo mimi napenda kuupika pamoja na maharagi: viloweke mbalimbali, maharagi yatangulie nusu saa yakichemka vizuri, kisha mtama uingie mu sufuria ile ile, makala ile ile. Mwishoni kitunguu, tomati, mawese kidogo, lenga-lenga (mchicha), na sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga pembeni. Hicho ni chakula cha wakubwa, si cha mgonjwa! Kama ni mtama peke yake, chemsha dakika 30 tu, ufunike vizuri, uvingirishe sufuria ikiwa moto bado mu blanketi nzito, saa moja na nusu baadaye umeiva.

Mtama mwekundu mara nyingi una taniini, ule ukakasi ambao hata ndege hawaupendi, na unazuia mwili kuchukua chuma. Kuchachusha kunaupunguza. Koroga unga na maji vuguvugu, funika na kitambaa, na baridi yetu hii ya Bukavu unaweza kuchukua siku mbili mpaka uone vipovu na usikie harufu ya mashanza, yale maziwa ya kuchacha. Ndipo unaumimina mu maji yanayochemka huku unakoroga, dakika 20.

Kwa mtoto aliyepita miezi 6 mimi nachagua ulezi. Gramu 100 zina kalisiamu karibu miligramu 340, uzito huo wa maziwa hauufikii hata nusu, ingawa mwili hauchukui yote. Loweka, tandaza ku kitambaa chenye maji mpaka vimizizi vitoke, anika ku jua, sugua vimizizi vyote viondoke, saga. Pika uji mzito wa kawaida, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga huo, utaona unalegea wenyewe bila kuongeza maji, halafu urudishe ku moto uchemke tena. Mtoto anakunywa uji wenye chakula kingi ndani.

Lakini usifanye hivyo na mtama kwa mtoto. Mtama ukiota, vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi, ulezi hauna shida hiyo. Kwa utamu, ndizi mbivu ya kuponda inatosha, sukari haihitajiki.